Ubeti wa Pili

Kwa siku tatu mfululizo Mwanakheri alikwenda kwenye duka la santuri la Bwana Tindwa, akaomba apigiwe albamu za bendi moja tu, ile inayochanganya ngoma za kale na magitaa ya umeme. Mwimbaji wa bendi hiyo, Sikujua, alikuwa mdogo wake Mwanakheri. Hawakuwa wamesemezana tangu mazishi ya mama yao, miaka tisa nyuma.

Albamu ya kwanza ilimchosha kwa kelele. Ya pili aliisikiliza hadi mwisho. Katikati ya albamu ya tatu akausikia wimbo ambao mama yao alikuwa akiwabembelezea.

"Hapa ameruka ubeti," alisema. "Magitaa yanalia, yeye amenyamaza."

"Labda ameusahau, Bi Mwanakheri."

"Hakuwahi kuujua. Mama akifika hapo, yeye keshalala. Nilikuwa nikiusikia peke yangu. Nirudishie, tafadhali."

Bwana Tindwa akairudisha sindano. Sauti ya Sikujua ilipokoma, Mwanakheri alifumba macho, akauimba ubeti wa pili taratibu, mpaka mdogo wake aliporejea, wakaendelea pamoja.