Magoti ya Ngiri

Ngiri alikuwa na kibanda cha maandazi, na Kindi peke yake ndiye aliyejua kukanda unga. Kila Kindi alipoomba siku ya kupumzika, Ngiri alifoka: "Ukipumzika wewe, kibanda kitafungwa!"

Asubuhi moja Kindi alisinzia, akadondokea ndani ya beseni la unga, akakoroma. Wateja walikuwa wamejaa mlangoni. Ngiri akamlaza juu ya gunia, akapiga magoti kama afanyavyo malishoni, akakanda mwenyewe kama alivyozoea kumwona Kindi akifanya. Maandazi yakaumuka, wateja wakashangilia.

Jioni Ngiri alikuja akichechemea. "Dada Kindi, magoti yamekwisha. Kesho naomba nipumzike."

"Kibanda si kitafungwa?"

"Kifungwe kwa nini? Wakandaji sasa tuko wawili!"

Kindi akacheka mpaka unga ukamtoka mkiani. "Pumzika, bosi. Keshokutwa zamu yangu."