Ndara za Bluu

Siku ya tatu baada ya kutoka eda, Shemsa alikaa sebuleni na brashi zake, akichora mlango wa nyumba yake: kizingiti, mwanga wa asubuhi, na ndara mbili za bluu.

Wifi yake, Salha, alivua viatu mlangoni, akaingia. Alipoiona picha alishtuka.

"Wifi, ndara za kaka si tulizitoa sadaka?"

"Tulizitoa."

"Na mbona hapa zimeelekea ndani?"

Shemsa aliendelea kupaka rangi. Miaka yote ya ndoa, mumewe akishaingia, yeye ndiye aliyezigeuza ndara zitazame nje, ili alfajiri mwenzake avae tu na kwenda zake.

"Sijazigeuza," alisema. "Nikizigeuza, ataondoka."

"Zifute, Shemsa. Unanitisha."

Shemsa hakufuta. Salha akaaga. Mlangoni alikuta viatu vyake vimepangwa vizuri, vinatazama nje.

"Haya, ahsante kwa kunigeuzia."

"Mimi sijanyanyuka hapa, wifi."

Salha akabaki mguu mmoja ndani, mmoja nje, asithubutu kuvivaa.