Mchezaji wa Pili

Boke alikuwa jikoni akikimbiza gari lake peke yake, sufuria ya makande ikitokota, ndipo kioo cha gemu kilipomwambia kwamba mchezaji wa pili anaomba kuingia.

Kidole gumba kikaganda juu ya kitufe. Kijiji kizima cha Nyarero gemu za namna ile zilikuwa mbili tu: hii ya mkononi mwake, na ile ambayo mume wake alimwachia baba yake aliporudi mgodini.

Baba mkwe alikuwa uani, karibu na zizi. Tangu Boke aolewe, miezi minne sasa, hawajapeana mkono, kuketi pamoja wala kuzungumza ana kwa ana, mila haikuruhusu. Shikamoo yake aliitoa kwa mbali, macho chini. Hakujua hata kama mzee anampenda.

Akabonyeza kukubali.

Magari yakatimka. Boke alizoea kushindana na mashine, ambayo haicheki. Huyu aligonga kila ukuta, na kicheko chake kikapenya dirishani. Mzunguko wa mwisho Boke akaona aibu kumshinda mkwewe. Akaachia kitufe taratibu, gari lake likapunguza mwendo.

Huko nje kicheko kikakatika.

"We mbwa," mzee akamwambia mbwa wake kwa sauti, "mwambie aliyeko jikoni asinihurumie. Hapa tunashindana au tunaamkiana?"

Boke akamgeukia kuku aliyekuwa akidonoa mlangoni.

"Kuku, mwambie baba ashike usukani vizuri."

Akakandamiza kitufe mpaka ukucha ukawa mweupe.