Afisa Korongo na Asali ya Mnazi

Kila mwaka Mama Komba na wanawe waligema mnazi, wakachemsha utomvu wake, yaani tembo tamu, mpaka likawa asali. Safari hii, Korongo, afisa wa vibali, aliwakuta sufuria ikiwa motoni.

"Kibali cha kupika kiko wapi?"

"Labda kwa bibi yao hawa watoto, mheshimiwa," Mama Komba akajibu. " Lakini tembo likiachwa litachacha, na watoto watakosa asali mwaka mzima. Hebu shika mwiko, nikaulize."

Korongo akakoroga.

"Mpaka chini, mjomba, litaungua!" watoto wakamfokea.

Mama aliporudi mikono mitupu, asali ilikuwa tayari. Korongo akafungua fomu ya makosa.

"Jina la mpishi?"

"Si ni wewe, mjomba!" watoto wakadakia.

Korongo akalamba mwiko, akafikiri, akawaandikia kibali cha kudumu. Mwaka uliofuata alifika mapema, na mwiko wake mwenyewe.