Bega la Kushoto

Walikuwa wameshamtoa zizini Tarumbeta, maksai wa Ndalahwa, wanamvuta kwenda mnadani, alipofika barabarani akagoma. Waliomvuta ni wanakikundi wenzake Ndalahwa, waliomdhamini benki achukue mkopo wa mbegu na mbolea. Mvua ilikata, mahindi yakaungua. Mmoja akishindwa kulipa, kikundi kizima hakikopeshwi tena. Ndivyo walivyokubaliana na benki.

"Mchapeni!" alisema Kabula, mwenyekiti wao. "Au na yeye anasubiri mvua?"

Wakacheka, kisha wakaona haya.

"Hata mkimchapa haendi, shemeji," alisema Ndalahwa. "Huyu jembeni ni maksai wa upande wa kulia. Kushoto kwake pakiwa patupu, hapigi hatua."

"Basi mlete na mwenzake amsindikize."

"Akifika mnadani mtamwacha arudi?"

Kabula akatazama pembeni. "Shemeji, na mimi nina watoto."

Ndalahwa alisogea kushoto kwa Tarumbeta, akaegemeza bega lake kwenye bega la yule maksai, akampigia mluzi ule wa kuanzia kulima. Tarumbeta akaenda. Watu wa mnadani waliwapisha.

Tarumbeta alichinjwa wiki ileile. Deni likalipwa, kikundi kikakopeshwa tena, bila Ndalahwa. Kabula alivuna vizuri, akaezeka bati. Maksai aliyebaki hakufaa kulima peke yake, akauzwa kwa bei ya kutupa, na shamba likakodishwa kwa mtu wa tumbaku. Ndalahwa yuko mjini, kwenye ghala la nafaka, anashusha magunia ya mahindi ya watu.