Mashine Dhaifu Kuliko Zote

"Nataka iliyo dhaifu kuliko zote," alisema mchomeleaji, akiisukuma kando laptopu ya tatu.

Muuzaji alidhani masikio yamemdanganya. Miaka kumi na tisa amekaa nyuma ya kaunta ile akiuza kompyuta kuukuu, na kila mteja, hata asiyejua kuiwasha, huomba yenye nguvu.

"Kaka, unamnunulia nani?"

"Mama. Ya nyumbani tu. Anataka kuongea na mdogo wangu, kitinda mimba wake, yuko nchi za mbali. Kwenye simu hamwoni, macho yanamwishia. Daktari kasema mwaka huu hauishi akiwa bado anaona. Basi mama kashikilia hilohilo: nimwone mwanangu kwenye kioo kikubwa, halafu giza liingie litakavyo."

"Kama ni video, chukua hii. Prosesa yake ni ya kizazi cha nane, uso unakwenda kama maji. Hiyo uliyoshika ni ajuza. Sauti itafika, lakini sura inaganda kama picha ya kitambulisho."

"Inaganda muda wote?"

"Muda wote."

"Nifungie hiyo."

"Kaka, mama ni mmoja."

"Bosi, nimekuja kununua mashine, sikuja kuhubiriwa."

Moyoni muuzaji alishamtukana. Bahili, tena mwenye kijicho! Aliwajua watu wa namna hiyo. Mkubwa anabaki nyumbani kubeba maji na dawa, mdogo aliyeondoka ndiye anayesifiwa asubuhi na jioni. Chuki ya hivyo haina dawa.

Akasema ataiwekea programu, na kesho yeye mwenyewe ataipeleka nyumbani kwa mama. Mchomeleaji alipotoka, muuzaji aliirudisha ajuza rafuni, akachukua pacha wake: umbo lilelile, rangi ileile, ila tumboni mna prosesa ya kizazi cha nane. Hasara aliimeza. Mama yake mwenyewe alikata roho akiuliza nani amebisha hodi, na yeye alikuwa bado njiani.

Kesho yake alimkuta bibi ameshaoga, amejipaka mafuta, amekaa mbele ya meza tupu kama anayesubiri kupigwa picha.

"Mkubwa wako yuko wapi, mama?"

"Karakanani kwake, hapo nyuma. Mdogo wake akipiga tu, yeye ana kazi. Sijui wana nini hao. Na sauti zao moja! Nikifumba macho sijui nani ananiita."

Muuzaji akatikisa kichwa. Akaunganisha mtandao, akamwonyesha kitufe cha kupokea. Haikupita muda mashine ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba! Uko wapi? Mbona sikuoni?"

Mara uso ukajaa kioo kizima: kijana wa shati jeupe, anatabasamu. Bibi akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Ndiye," alisema. "Jamani, ndiye mwenyewe. Umenenepa, baba!"

"Chakula cha huku, mama. Unaniona nimeganda, eh? Kaka kakununulia kopo. Usimlaumu, ndiyo uwezo wake."

"Kaka yako mwache. Cheka tena nikuone."

Kijana hakucheka tena. Aliendelea na tabasamu lilelile. Muuzaji akakunja uso, akainama juu ya bega la bibi kutazama. Mtandao ulikuwa mzuri. Mashine haikuhema hata kidogo.

Inzi akatua kwenye jicho la kijana. Kwa prosesa ile hata miguu yake ilihesabika. Akatembea juu ya mboni, akashuka shavuni, akasimama kwenye meno. Kijana hakupepesa jicho.

Mkono mpana wenye makovu ya cheche ukaingia kutoka pembeni, ukamfukuza. Fremu ikayumba, ikaegemea nyuma, na chini ya kidevu zikatokea tarehe mbili: moja ya kuzaliwa, nyingine ya mwaka juzi.

"Unanisikia, mama?" iliuliza sauti.

Bibi alipapasa nyuma yake mpaka akaupata mkono wa muuzaji, akaushika.

"Macho yangu yamefika mwisho, mwanangu," alisema. "Hebu nisomee wewe. Hapo chini pameandikwa nini?"