Nywila ya Madam Afriyie

Wiki iliyopita mtu alikisia nywila ya Madam Afriyie, muuguzi mkuu wa zahanati yetu: Yaa, jina ambalo kwetu hupewa kila mwanamke aliyezaliwa Alhamisi, na mwaka wake wa kuzaliwa. Majibu ya vipimo vya mgonjwa wetu mmoja yakasomwa kwa sauti sokoni. Dada wa watu akauhama mji wetu wa Kumasi kwa aibu.

Kwa hasira, mimi ninayetunza kompyuta za zahanati, nikaunda ukurasa wa mtandaoni wa kutengeneza nywila ngumu. Leo nimeikuta ya Madam, herufi ishirini, imeandikwa kwenye kikaratasi na kubandikwa kwa plasta nyuma ya kompyuta, inaitazama foleni ya wagonjwa.

“Nitalikumbukaje dude hili, binti yangu? Mimi mashine?”

Sijawahi kujibizana na Madam. Nilikibandua kile kikaratasi, nikakitia mdomoni na plasta yake, nikatafuna.

“Bonyeza upate nyingine, Madam. Ukiibandika, hiyo nayo nitaila.”